Siku moja redioni Kigoma, kipindupindu kikiwa mwaloni

Saa 10 alfajiri. Nawasha mitambo, tangazo la kwanza la kujikinga na kipindupindu linaruka. Mfadhili aliyetupa ruzuku ya dharura alitaka lirushwe mchana, eti ndipo wasikilizaji wanapokuwa wengi. Mchana mvuvi wa dagaa amelala! Anavua usiku kwa taa, na saa hizi anarudi Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia samaki, redio ndogo ikiwa botini. Tulibishana kwa barua pepe mpaka wakakubali.

Saa 2 asubuhi, Kibirizi. Dagaa wameanikwa mchangani. Mama lishe mmoja ameweka ndoo ya koki mlangoni, na sabuni yake ameitoboa akaifunga kamba, isije ikaondoka na mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mmetuletea nini?"

Namwomba aeleze anavyotibu maji ya kunywa. Anaeleza vizuri kuliko lile tangazo la kutoka Dar, lililosomwa na mtu ambaye naapa hajawahi kuteka maji ziwani. Halafu ananigeukia: "Mnasema tuchemshe. Mkaa ananunua nani?" Hilo nalibeba mpaka studio.

Saa 4, makaratasi. Bajeti ina "uzalishaji", "usambazaji" na "tathmini". Umeme wa LUKU haumo. Mafuta ya jenereta hayamo, wala nauli ya boti ya kwenda Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi. Na awamu ya pili ya fedha haitoki mpaka ripoti ya kwanza ipitishwe, wakati kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache.

Saa 7, ugali kwa mgebuka. Haraka haraka.

Saa 9 tuko hewani na afisa afya wa halmashauri. Namtupia swali la mkaa. Hakwepi: asiyemudu kuchemsha atumie vidonge vya klorini. Papo hapo simu inaingia: ni kweli vidonge hivyo vinaharibu uzazi? Anakanusha kwa utaratibu, bila kumcheka mtu, kisha anataja mchanganyiko wa kumpa mgonjwa njiani akipelekwa kituoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mzee wa Ujiji anakumbusha Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kikawakuta hapo hapo, na meli ya Liemba ikawa inawavusha kuja mjini.

Mzee yuko katikati ya sentensi, umeme unakatika.

Jenereta ni kavu. Fundi mitambo anatoka mbio na dumu, anakopa petroli kwa kijana wa bodaboda. Tunaporudi hewani mzee ameshakata simu. Nampigia mwenyewe, kwa vocha yangu, amalizie.

Saa 3 usiku najaza ripoti. Wanauliza "idadi ya watu waliofikiwa", kana kwamba redio ina mlango wa kuhesabia watu. Risiti ya petroli nimeiweka kwenye "usambazaji". Mhasibu wao akihoji, anieleze yeye kipindi kinasambaaje jenereta ikiwa kavu.