Loleza, Julai, na raba ya binamu

Miaka sita nimekaa Mbeya nikiutazama mlima Loleza kila asubuhi kama mtu anavyotazama saa: ukijifunika ukungu, najua leo ni siku ya sweta mbili. Kuupanda, hata siku moja. Mpaka binamu yangu alipokuja kutoka Dar, katikati ya kipupwe, akauliza kule juu kuna nini. Nikaona haya kusema sijui.

Bajaji ilituacha nyumba zinapoishia, saa moja asubuhi. Dereva alitazama raba nyeupe za binamu, akatabasamu, akageuza.

Jiji lenyewe liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kilele kiko 2,656, kwa hiyo hesabu ya kupanda si ya mchezo. Tulianza na mashamba yaliyobaki mabua matupu, kisha mikaratusi. Humo upepo haufiki, nasi kwa ujinga wetu tukavua masweta na kuyafunga kiunoni. Tulipotokea kwenye nyasi, kusi ilitupokea usoni. Binamu alitoa yai la kuchemsha, akashindwa kulimenya. Vidole vilikataa kukunjika. Akalila na vipande vya ganda, kimya, mtu ambaye tangu stendi alikuwa hafungi mdomo.

Mdomo ukahamia kwenye raba. Soli ya kulia ilifunguka mbele kama kambare, kila hatua ikichota mchanga.

Hapo ndipo tukakutana na bibi mmoja anateremka, mzigo wa kuni kichwani, miguuni ndala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmefuata nini huku?"

"Tunatembea tu."

"Mnatembea tu?" Akatua mzigo, naamini kwa kutuhurumia. Akachomoa gome alilofungia kuni, akalichana mara mbili, akaizungushia raba ile na kukaza fundo kwa meno. Mzigo wake akaufunga upya kwa kipande kilichobaki. Binamu akatoa elfu mbili. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akatuambia tusichelewe, mawingu yakishuka njia haionekani.

Juu kuna minara ya mawasiliano, na upepo unaopita kwenye vyuma vyake ukivuma kama mtu anayepuliza chupa. Mbeya yote iko chini: mabati ya Mwanjelwa yanang'aa, barabara ya Zambia na malori yake, uwanja wa ndege wa zamani uliobaki mstari mtupu tangu ndege zihamie Songwe mwaka 2012. Kusini mashariki mlima Rungwe ulijitokeza, ukakaa dakika chache, ukajifunika. Binamu alipiga picha moja tu, akarudisha mikono kwapani.

Saa tisa tulikuwa kwa fundi viatu Mwanjelwa. Aliligeuza lile gome, akalivuta, halikulegea.

"Nani kafunga hapa?"

"Bibi mmoja mlimani."

Akachukua kisu, kisha akakirudisha chini na kuanza kulifungua fundo taratibu kwa kucha.