Ramani ya bahari kwenye kipeperushi ni ya nani?

Kampuni nyingi za utalii Arusha na Moshi huuza Kilimanjaro pamoja na Zanzibar, na ramani ya bahari hunogesha kipeperushi. Ukiskani ile ya Admiralty, chapa ya ramani rasmi za bahari za Uingereza, jua ina hakimiliki ya Serikali ya Uingereza. Ruhusa huombwa kwa ofisi yao ya ramani za bahari, UKHO. Kuichora upya kwa kuifuatisha hakukuokoi, bado unanakili kazi yao. Ramani za NOAA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia bahari na hali ya hewa, ziko huru, maana kazi za serikali kuu hazina hakimiliki nchini humo. Tatizo ni kwamba zinahusu maji ya Marekani, kwa Unguja hazikufai.

Na kusema kweli, mgeni anayekwenda Nungwi hana haja na vina vya bahari. Tumia data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayotengenezwa na watu wa kujitolea: unaruhusiwa kuchapa hata kuuza, sharti uwataje wachangiaji wake kwa herufi zinazosomeka. Maandishi hayo yaweke ndani ya ramani, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa sababu mashine ya kukatia karatasi ikipita pembeni huyafyeka. Ongeza pia: "Si ya kuongozea chombo."