Glasi Tatu za Bia Moja

Ukurasa wa Jumamosi kwenye daftari langu la bia una maksi tatu: 37, 31 na 22. Zote ni za IPA moja, yaani India pale ale, bia chungu yenye hopsi nyingi. Kiwanda kimoja, upishi mmoja, tarehe moja ya kufungwa, na mwonjaji mmoja ambaye ni mimi, nimekaa kiti kile kile kwa muda usiozidi nusu saa. Hizo 22 naweza kuzieleza bila jasho. Zinazoninyima raha ni 37 na 31, maana glasi hizo mbili zilimiminwa kutoka kopo moja.

Nianzie mwanzo. Nilinunua makopo manne. Mawili yakaingia friji, mawili yakakosa nafasi, nikayapandisha juu ya kabati "kwa leo tu". Miezi minne baadaye nimesimama juu ya kiti natafuta balbu, nakutana nayo yamejaa vumbi. Kwenye friji nako lilikuwa limebaki moja. Mtu mwenye akili angelinywa lile la baridi na haya mengine akayamwaga. Mimi nikaona mtihani.

Mtihani wenyewe ni wa zamani, na viwanda vya bia hadi leo vinautumia. Glasi tatu: mbili zina bia ile ile, moja ina nyingine. Mwonjaji haambiwi ipi ni ipi, kazi yake ni kuitoa ile isiyofanana na wenzake. Hata kipofu wa pua atapatia mara moja katika tatu kwa kubahatisha, kwa hiyo kupatia jioni moja si ushujaa wa kutangaza. Asubuhi nikalitia kopo moja la kabati kwenye friji ili yote mawili yawe na baridi sawa. Jioni nikayatoa, nikayaacha mezani robo saa. IPA ikitoka moja kwa moja kwenye baridi kali haina la kusema. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huanza kuzungumza kwenye nyuzi 8 mpaka 10 hivi. Taa nikaipunguza makusudi, kwa sababu bia iliyoguswa na hewa hukolea rangi, na macho yangu yangeiba majibu.

Mmiminaji alikuwa shemeji. Yeye pombe haigusi, hana ugomvi nayo, haimvutii tu. Nikamkabidhi glasi tatu zilizosuuzwa vizuri na vikaratasi vya kubandika chini.

"Sasa shemeji, nikishamimina nikae wapi?"

"Popote, ila usiniangalie usoni."

"Nikicheka?"

"Ukicheka umeshaniambia jibu."

Akaenda jikoni, akafunga mlango, nikasikia makopo yakifunguka moja baada ya jingine, kisha kimya kirefu, kisha kicheko. Basi.

Glasi ya kwanza. Povu jeupe, zito, limekaa juu kwa kimo cha vidole viwili na halikuwa na haraka ya kushuka. Ukutani mwa glasi hakuna viputo vilivyong'ang'ania, maana yake ni safi. Viputo vikiganda sehemu moja ujue pana mafuta au sabuni, na hapo lawama ni ya muosha vyombo, si ya mpika bia. Nikaizungusha mara mbili, nikaufunika mdomo wake kwa kiganja, nikafunua, nikanusa mara tatu fupi fupi. Balungi. Ila si juisi ya balungi, ni ganda: ule ukungu wa mafuta unaoruka ukilikunja ganda karibu na uso. Nyuma yake embe lililoiva mpaka likaanza kulainika kwenye kikonyo, na chini kabisa utomvu wa msonobari. Kopo limeandikwa Citra na Simcoe, aina mbili za hopsi, na kwa mara moja kopo lilikuwa linasema kweli.

Mdomoni kimea kilikuja kwanza, kidogo tu, kama ganda la mkate, kisha kikajiondoa chenyewe. Hii ni ya ule mtindo wa magharibi mwa Marekani, kavu na angavu. Si zile za ukungu zilizotoka Vermont, ambazo nazipenda lakini zina kesi yake. Nikameza, nikafunga mdomo, nikatoa pumzi puani. Hapo ndipo mtu anayetema bia anapojipunja, kwa sababu harufu nyingine hupanda kutoka kooni na hazipiti njia nyingine. Msonobari ukarudi, safari hii na ukali kama wa pilipili manga. Uchungu ukaja mwisho, ukasimama wima, ukaondoka. Nikaandika haraka: harufu 10 kwa 12, mwonekano 3 kwa 3, ladha 14 kwa 20, mguso wa mdomoni 4 kwa 5, tathmini ya jumla 6 kwa 10. Ni mgawanyo wa fomu ya BJCP, mpango wa kuthibitisha majaji wa bia, ile ya maksi 50. Nimeuzoea, na una hekima moja ninayoiheshimu: rangi na povu, vitu ambavyo watu hupiga picha, vimepewa maksi tatu tu.

Glasi ya pili nikaichukua pale pale. Harufu ilikuwepo, lakini imerudi nyuma kana kwamba mtu kaivuta kwa mkia. Balungi ndiyo, embe sikulipata. Uchungu ndio ulioniudhi. Haukusimama wima, ulilala juu ya ulimi, ukakwaruza, na nilipomeza mara ya pili ukajilimbikiza juu ya ule wa kwanza. Nimeandika kwa mwandiko mbaya: "mkali bila sababu, ukakasi fizini". Harufu 7, ladha 12, mguso 3, mengine kama ya kwanza. Jumla 31.

Ya tatu haikuhitaji mjadala. Kabla glasi haijafika puani nilishaisikia: asali iliyopashwa moto, na nyuma yake karatasi ngumu iliyolowa. Balungi limekufa. Mdomoni utamu wa kimea umetanuka ukajaza nafasi iliyoachwa na hopsi, na uchungu bado upo, ila peke yake, kama mgeni aliyebaki baada ya wenzake kuondoka. Nikaipa 22, nikanyoosha kidole: hii ndiyo tofauti.

Shemeji akageuza glasi. Nilikuwa nimepatia. Akainusa na yeye, mara moja tu, uso umekunjamana.

"Shemeji, hii mbona inanuka boksi la viatu?"

Mtu asiyekunywa bia maishani mwake. Wataalamu wanatumia miaka kujifunza kuitambua hiyo harufu ya boksi.

Kilichoiua ni oksijeni iliyobaki ndani ya kopo, ikisaidiwa na joto la juu ya kabati. Hopsi zina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna asidi ambazo zikichemshwa kwenye sufuria kwa muda mrefu hubadilika umbo na kuwa ule uchungu. Hizo ndizo zinazopimwa kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia, takriban miligramu moja kwa lita kwa kila kipimo, na kopo langu liliandikwa 60. Halafu kuna mafuta, ambayo ndiyo balungi, embe na msonobari. Mafuta hayavumilii moto, yanapaa na mvuke, ndiyo maana mpika bia huweka hopsi nyingine mwishoni kabisa, na nyingine baada ya hamira kumaliza kazi, bia ikiwa imeshapoa. Na kama yasivyovumilia moto, hayavumilii kusubiri. Uchungu nao hufifia kwa muda, ila polepole, mafuta hutangulia. IPA iliyozeeka ni mwili uliobakiwa na sauti moja.

Nashangaa kila nikifikiria jina lenyewe. India pale ale ni bia ya safari. George Hodgson alikuwa na kiwanda Bow, mashariki ya London, jirani na mahali zilipotia nanga meli za Kampuni ya East India, na mwishoni mwa karne ya 18 aliwauzia manahodha bia kwa mkopo wa muda mrefu. Ile hadithi kwamba aliibuni makusudi ili isiharibike njiani ni tamu kuisimulia, lakini bia nyeusi ziitwazo porter nazo zilikuwa zikifika India salama. Aliyopakia Hodgson ilikuwa bia ya rangi hafifu yenye hopsi nyingi, ya aina ambayo tayari ilipikwa Uingereza kwa ajili ya kuhifadhiwa, na miezi ya baharini kwenye pipa iliikomaza. Yaani iliandaliwa kwa ajili ya kukaa. Hopsi huzuia baadhi ya bakteria wanaochachusha bia, na hilo ndilo lililotakiwa. Hakuna aliyetegemea balungi pale Kolkata. Balungi lilikuja na hopsi za Marekani kama Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, ikaingia kwenye Liberty Ale ya kiwanda cha Anchor mwaka 1975 na kwenye bia ya kiwanda cha Sierra Nevada miaka mitano baadaye. Tangu hapo tunanunua mafuta yanayopaa huku jina likiwa la bia ya kuvuka bahari. Ya Hodgson ilivuka tropiki. Yangu imeshindwa na kabati.

Jina la kiwanda silitaji, kosa si lao. Wameandika "weka kwenye baridi" ubavuni mwa kopo kwa herufi ambazo hata bila miwani nazisoma.

Turudi kwenye 37 na 31.

Shemeji alipogeuza glasi ya kwanza na ya pili nikaona alama sawa, nikadhani amekosea kubandika. Nikamwuliza mara mbili. Akaniambia kopo la friji alilimimina lote kwenye glasi hizo mbili, akazijaza kwa zamu kidogo kidogo, tena akajisifu kwamba povu lilitoka sawa. Kwa hiyo ile bia niliyoiita nzuri yenye embe, na ile niliyoiita kali bila sababu, ni bia moja. Kopo moja. Tofauti yake ni kwamba moja ilitangulia na nyingine ikafuata.

Nikakaa nazo. Nikanywa maji, nikatoka nje kupunga upepo dakika ishirini hivi, shemeji akidhani nimenuna. Niliporudi nikainusa ile ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Embe lilikuwepo, tele.

Pua huzoea. Ukiingia chumba chenye manukato unayasikia mlangoni, baada ya dakika chache huyasikii tena, na manukato hayajaondoka. Nilikuwa nimeinusa glasi ya kwanza kwa bidii mpaka pua ikaacha kuniletea taarifa. Ulimi nao ulikuwa na deni: uchungu wa hopsi hauondoki kwa kumeza, unabaki na kuongezeka funda kwa funda, na maji sikuyanywa kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumwonyesha shemeji jinsi ninavyojua. Glasi ya pili ililipia dhambi za ya kwanza.

Ningeliacha hapo, lakini daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na miaka saba ya maksi humo ndani. Desturi yangu nikikaa na bia kadhaa ni kuziandika kwa mpangilio niliozinywa. Nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. IPA nilizozipa chini ya 30 zilikuwa kumi na moja. Tatu kati yake nilizionja zikiwa za kwanza au za pili, na hizo nadhani zilistahili; moja nimeiandikia "siagi", kasoro ambayo hata pua iliyochoka haiwezi kuibuni, na nyingine ilikuwa kwenye chupa ya kijani iliyopigwa na jua, inanuka kicheche. Nane zilizobaki zote zilikuwa za tatu, za nne, moja ya tano. Maneno niliyoyatumia yanafanana mno kuwa ya bia nane tofauti: mkali, inakwaruza, harufu imejificha, ukakasi. Kwenye mojawapo nimejitia ujuzi nikaandika kwamba mpikaji hajui kupima hopsi. Kapata 26. Nakumbuka nilimwambia rafiki asihangaike nayo, na sidhani kama aliwahi kuinunua.

Daftari sasa lina safu mpya pembeni, nyembamba, imechorwa kwa rula: "glasi ya ngapi". Zile nane nimeziwekea alama ya kuuliza kwa penseli. Ile ya 26 nimeitafuta leo nikaipata. Tarehe iliyopigwa chini ya kopo ni ya wiki tatu zilizopita. Nimeilaza kwenye friji, rafu ya juu, na kesho jioni itakuwa ya kwanza, tena peke yake. Shemeji ameniuliza kama atahitajika. Nimemwambia aje na pua yake.