Mgeni rasmi atahutubia baada ya kula: sikukuu katika makao ya wazee

Ikikaribia Idi, Krismasi au tarehe 1 Oktoba, ile Siku ya Wazee Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, simu ya makao yetu haitulii. Watu wanataka kuja kula na wazee. Ni jambo jema, na sisi wa jikoni tunalipokea kwa mikono miwili. Ila kwa miaka mingi sherehe zilikuwa zilezile: pilau ya nyama, kreti za soda, keki tamu kupita kiasi, hotuba, picha, kisha hotuba nyingine. Chakula kinafika mezani saa tisa, na wazee wamezoea kula saa sita na nusu.

Mimi ni mpishi katika makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wengi ninaowapikia ni Wagogo waliokuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda. Wamo pia Warangi na Wanyaturu, Wakristo kwa Waislamu. Kuna wenye sukari, kuna wenye presha, na kuna waliopata kiharusi ambao kumeza tu ni shughuli. Meno ndiyo usiseme. Sikukuu moja nilimwona babu akizungusha mnofu mdomoni tangu hotuba inaanza hadi inaisha, halafu akautoa taratibu na kuufunga kwenye leso. Mgeni alipomuuliza kama amefurahia chakula, alijibu, "Sana, mwanangu, Mungu awabariki." Wazee hawalalamiki mbele ya wageni, na ndiyo maana wafadhili hawakuwahi kujua.

Nikaamua kuwauliza wazee wenyewe. Ukimuuliza mzee anataka kula nini sikukuu, atakwambia "chochote tu." Kwa hiyo nilikuwa nawafuata asubuhi wakiota jua, nawaamkia, Wagogo nawapa na "mbukwenyi" yao, kisha naulizia sherehe za kwao zamani zilikuwaje. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Mbuzi wa kuchemsha. Maziwa ya mgando. Mlenda wenye karanga. Bibi mmoja alisema pilau ni chakula cha mjini, yeye ameanza kuila akiwa na wajukuu.

Nilipeleka maneno hayo kwa msimamizi, tukakubaliana kwamba orodha ya vyakula itatoka kwetu na mapishi yatafanyika kwetu. Mgeni alete mchele, mbuzi na viungo. Mbuzi achinjwe na Mwislamu hata iwe Krismasi, ili kila mmoja ale bila wasiwasi.

Nyama naibandika alfajiri kwa moto mdogo hadi iachie mfupa yenyewe. Naiipua, naichambua kwa vidole nyuzi nyuzi huku nikipapasa vipande vidogo vya mifupa, kwa sababu mbuzi aliyekatwa kwa shoka ana vijifupa vikali, kisha nairudisha kwenye supu yake. Wanaopenda pilau hawanyimwi, lakini mchele naupika kwa maji mengi ulainike, na mdalasini na karafuu nazisaga. Karafuu nzima kwa mtu asiyeona vizuri si kiungo, ni mtego.

Kwa waliopata kiharusi namsikiliza muuguzi kwanza. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba wengi wao hupaliwa na maji matupu kuliko na kitu kizito kidogo, kwamba wakae wima wakati wa kula, na wasilazwe kwa nusu saa hivi baada ya kula. Zamani watu hawa walikuwa wanapewa uji siku ya Krismasi huku jirani anakula nyama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sasa sahani yao inatoka kwenye sufuria ileile ya mbuzi, yenye viungo vilevile, ila imepondwa.

Soda tumeziacha. Ubuyu hapa kwetu haununuliwi kwa bei ya kutisha. Nauloweka, nauchuja vizuri na kuweka sukari kidogo, na kwa wenye kisukari siweki kabisa. Zabibu nazo zinakuja kwa wingi, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini zabibu nzima ni ya mviringo na inateleza, inaweza kuziba koo la mzee. Kila moja inapasuliwa kwa urefu vipande vinne na kutolewa mbegu. Kazi hiyo nawapa vijana wanaokuja na wageni, angalau mikono yao inapata cha kufanya zaidi ya kushika simu.

Kulikuwa pia na wazee waliokuwa wakificha nyama chini ya mto. Kwa joto la huku, nyama ya mchana hadi usiku imeshaharibika. Sikuwagombeza. Naweka supu kwenye friji mapema, naichemsha upya jioni, na wakati wa chakula cha mchana natangaza kwa sauti kwamba jioni ipo. Mito siku hizi ni misafi.

Kikundi kimoja kimeshaomba nafasi ya Oktoba mosi. Nimewaambia walete mbuzi wawili, karanga za kusaga na vijana wa kuchambua nyama, wafike saa moja asubuhi. Mgeni rasmi atahutubia baada ya kula.