Zaburi 51 imenikamata
Jamani siku hizi nikipiga magoti sina maneno mengi, nafungua tu Zaburi 51 naisoma kwa sauti taratibu, ile ya Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea kwa habari ya kuzini na Bathsheba, mke wa mtu. Mfalme mzima lakini hajitetei hata kidogo, hasemi shetani alinipitia (maana sisi hiyo ndo yetu 😅), anaomba rehema halafu anaomba moyo safi, yani hataki kufutiwa tu anataka kuumbwa upya kabisa. Mstari wa 12 ndo huwa unanitoa machozi, pale anapoomba arudishiwe furaha ya wokovu. Jana nimeomba hivyo hivyo nikalala usingizi mzito, asante Yesu. Ila ile ya Mathayo 6 ya kusamehe wengine bado napambana nayo, kuna mtu nikimkumbuka tu amani yote inapotea, mniombee wapendwa 🙏