Mayai 60, vihisi vitatu na skripti moja: kumbukumbu ya mradi wangu, Uyole

Siku ya 2

Mayai ya mama mkubwa yaliingia kwenye mashine juzi jioni, 60 kamili, yote ya kienyeji. Mashine ni sanduku la mbao lenye balbu, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu na thamostati. Joto linatakiwa likae nyuzi 37.5 kwa siku 21. Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na umeme ukikatika sanduku halikai na joto muda mrefu. Ndiyo maana nimeweka vihisi vitatu vya joto aina ya DS18B20 ndani, vimeunganishwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Laptopu ya zamani pale sebuleni inaendesha Zabbix, programu ya kufuatilia vifaa, ambayo inasoma joto kila dakika na kunitumia ujumbe kwenye simu joto likiyumba. Ruta na Raspberry Pi ziko kwenye betri ndogo, umeme ukienda zinaendelea kufanya kazi.

Leo nimekwama mapema. Skripti yangu ya Python inayosoma vihisi, nikiiendesha mwenyewe inatoa 37.4 safi kabisa. Zabbix ikiiendesha, kipimo kinageuka kijivu na kuandikwa kwamba hakitumiki.

Siku ya 3

Nimepoteza jioni nzima nikiamini `zabbix_agentd -t`. Amri hiyo inajaribu kipimo na kukuonyesha jibu, na mimi ilinijibu vizuri kila mara. Lakini inakimbia kwa jina la yule anayeiandika, yaani mimi. Ajenti halisi, yaani programu ya Zabbix iliyo kwenye Raspberry Pi, anakimbia kwa jina la mtumiaji `zabbix`, ambaye hana ruhusa nilizo nazo. Skripti yangu ilikuwa ndani ya folda yangu ya nyumbani, na folda hiyo imefungwa kwa wengine. Mlango tu ndio uliomzuia, hata hakufika kwenye skripti.

Nimeihamishia `/usr/local/bin`, nikaijaribu kwa `sudo -u zabbix`, yaani kwa jina la mtumiaji huyo, halafu nikauliza kutoka kwenye laptopu kwa `zabbix_get`. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini sasa, kwa sababu swali linapita njia ileile ambayo seva, yaani Zabbix ya kwenye laptopu, inapitia.

Siku ya 5

Jambo dogo: kipimo kilikataa tena, kikidai nimekipa maneno badala ya namba. Python ilikuwa inatoa onyo moja kuhusu maktaba ya zamani. Kwenye `UserParameter`, mstari wa mipangilio unaomwambia ajenti aendeshe amri yako, Zabbix inachukua jibu pamoja na makosa yote yaliyochapishwa, inayaunganisha. Nimesasisha maktaba, onyo limekwisha.

Siku ya 6

Sasa kipimo kinakuja na kuondoka. Dakika kumi sawa, dakika mbili hakuna kitu, kisha sawa tena. Hili nililielewa nilipochukua karatasi na kupiga hesabu. DS18B20 ikisoma kwa usahihi wake wa juu kabisa inahitaji milisekunde 750. Ninavyo vitatu, navisoma kimoja baada ya kingine: sekunde 2.25 tayari. Ongeza muda wa Python kuamka kwenye kompyuta ndogo kama hii. Ajenti kwa kawaida anasubiri sekunde 3, zikipita anaikata skripti. Kwa hiyo siku Raspberry ikiwa na kazi nyingine kidogo, tunapitiliza.

Ningeweza kuongeza `Timeout`, kikomo hicho cha kusubiri, inaruhusiwa hadi sekunde 30. Sikupenda, kwa sababu kumsubirisha ajenti kwa ajili ya kihisi kimoja kizito kunachelewesha na vipimo vingine. Nimefanya hivi: cron, kiratibu cha kazi za kujirudia, inaendesha skripti kila dakika, inaandika joto kwenye faili, na `UserParameter` inasoma faili tu. Jibu linarudi papo hapo. Grafu imenyooka vizuri, hakuna pengo hata moja. Nimelala mapema.

Siku ya 9

Nitaandika hili polepole kwa sababu limeniuma.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama mkubwa aligonga dirisha langu. Nikatoka, nikamwamkia, hakuitikia kwanza. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye sanduku, akachukua yai moja na kuniwekea shavuni. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikatoa simu nimwonyeshe. 37.6. Hakuna ujumbe wowote wa usiku.

"Mwanangu," akasema, "simu yako inasema joto lipo. Mayai yanasema halipo. Mimi nimsikilize nani?"

Umeme ulikuwa umekatika usiku wa manane. Tukawasha jiko la mkaa chumbani na kufungua dirisha kidogo, tukalizungushia sanduku mablanketi, na umeme ukarudi saa mbili kasoro. Baada ya hapo ndipo nilipoketi na grafu. Tangu saa moja jioni iliyotangulia mstari ulikuwa 37.6, 37.6, 37.6, bila kupanda wala kushuka hata sehemu moja ya kumi. Sanduku lenye balbu inayowaka na kuzima haliwezi kutoa mstari kama huo. Hewa hai inatikisika. Nilitakiwa niuone.

Chanzo ni waya. Saa moja jioni mama mkubwa aligeuza mayai kama kawaida, mkono ukagusa waya wa vihisi, ukachomoka nusu. Raspberry ikavipoteza vihisi, faili ambazo skripti husomea vihisi zikatoweka, skripti ikaanguka. Ikaanguka kila dakika, usiku kucha. Nami nilikuwa nimeelekeza makosa ya cron kwenye `/dev/null`, shimo linalomeza kila kinachoandikwa, hivyo hakuna popote palipoandikwa. Faili la joto likabaki na namba ya mwisho iliyoandikwa, na Zabbix ikaendelea kulisoma kwa uaminifu. Namba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya jana.

Kwa waya huo sikumlaumu mama mkubwa hata kidogo. Mayai lazima yageuzwe. Waya ndio uliokaa vibaya.

Siku ya 10

Tumepima mayai kwa tochi gizani, moja moja. Yenye uhai yana mishipa kama mizizi myembamba myekundu na doa jeusi linalocheza. Tumetoa 17. Sijui mangapi kati ya hayo hayakuwa na mbegu tangu mwanzo na mangapi yaliuawa na ule usiku.

Waya nimeuchomelea upya kwa risasi, rizista ya kiloomu 4.7 nimeikaza mahali pake, na waya wote nimeupitisha nyuma ya sanduku ambako mkono haufiki.

Upande wa programu nimeongeza kipimo cha umri wa faili: `vfs.file.time` ya muda wa mwisho wa kubadilishwa, na kengele yenye `fuzzytime` ya sekunde 180, inayolinganisha muda huo na saa ya seva. Faili lisipoguswa kwa dakika tatu, simu inalia, hata kama namba iliyomo ni nzuri namna gani. Makosa ya cron sasa yanaenda kwenye logi. Angalizo kwa atakayeiga: njia hii inalinganisha saa ya Raspberry na ya seva. Raspberry yangu haina betri ya saa, ikizima kisha ikawaka bila intaneti inarudi na saa ya nyuma, na kengele italia bure. Kwangu ni sawa. Kengele ya bure naivumilia kuliko ukimya.

Siku ya 13

Saa tisa usiku simu imelia: nyuzi 85. Nimekimbia peku. Sanduku liko 37.5, mayai yana joto zuri. 85 kamili ni namba ambayo DS18B20 inakuwa nayo inapopata umeme upya kabla haijapima chochote, na hesabu ya uhakiki inaipitisha kwa sababu kwa kihisi ni jibu halali. Umeme unaofika kwenye kihisi ulitikisika kidogo tu. Skripti sasa ikiona 85.000 inasoma tena mara moja. Ikirudia, haiandiki chochote, na umri wa faili utafanya kazi yake.

Siku ya 18

Tumeacha kugeuza mayai, tumeongeza bakuli la maji. Zabbix kimya, na mara hii nimeufungua mstari nikauangalia: unatikisika.

Siku ya 21

Vifaranga 31 hadi jioni hii, wawili bado wanapasua ganda. Mama mkubwa amewahesabu mara tatu.

Siku ya 24

Trei ya pili imeingia jana. Leo jioni nikiwa Mwanjelwa kununua waya, simu imelia: faili halijaguswa. Nimepiga nyumbani moyo ukidunda. Mama mkubwa akapokea.

"Nimeuchomoa mimi," akasema. "Nilitaka nijue kama itakuambia. Haya, sasa naurudisha."