Anwani

Fomu ya viza ilinikwamisha kwenye swali moja: ukifika Marekani utakaa wapi? Wanataka nambari ya nyumba, mtaa, mji na jimbo, kwa kuwa kadi yenyewe ya ukaazi hutumwa kwa posta kwenye anwani hiyo. Tangu jina langu litoke kwenye bahati nasibu ya viza nilikuwa nasema tu "naenda Marekani", kama mtu anayekwenda Korogwe. Sina ndugu kule. Nikafunga kompyuta nikajilaza, usingizi haukuja.

New York niliiacha mapema, maana mshahara wa kuanzia ungeishia wote kwenye kodi ya nyumba. Nilitaka mji wa wastani. Baada ya wiki kadhaa za kuchambua ikabaki miwili, Pittsburgh na Louisville, na kilichonivutia ni kwamba yote miwili imekaa kwenye mto mmoja. Mito ya Allegheny na Monongahela hukutana Pittsburgh, na hapo ndipo mto Ohio unapoanzia. Ufuate kwa kidole kwenye ramani, utafika Louisville, kwenye maporomoko. Zamani, maji yakipungua, vyombo vilishindwa kupita. Mizigo ikashushwa, ikavushwa nchi kavu, ikapakiwa tena upande wa chini, mpaka mfereji ulipofunguliwa mwaka 1830. Mimi ni karani wa mizigo bandarini Tanga. Mji ulioota mahali watu waliposubiri kupakua na kupakia niliuelewa hapo hapo.

Pittsburgh nayo niliipenda. Viwanda vya chuma vilianguka miaka ya 1980, hospitali na vyuo vikuu vikaja kuubeba mji. Lakini kazi nyingi za huko zinadai vyeti nisivyonavyo, na baridi yake ni kali zaidi. Mwenye nyumba mmoja alinijibu kwa upole kwamba anataka rekodi yangu ya mikopo ya Marekani na mshahara unaofikia kodi mara tatu. Rekodi hiyo nitaitoa wapi, mtu ambaye hata sijatua?

Jioni nikamkuta mama anapepeta mchele. Nikamweleza yote, kodi, theluji, mabasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huko kuna nani wetu? Ukishikwa na homa usiku, uji atakukorogea nani?"

Daftari langu lilikuwa na kurasa tisa za hesabu, na swali hilo halikuwamo.

Ndipo nikaanza kutafuta watu. Kentucky, jimbo ulipo mji wa Louisville, imepokea wakimbizi wengi wa Kongo, na baadhi yao walikaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma. Rafiki aliyewahi kufanya kazi kambini akaniunganisha na mama mmoja anayeishi Louisville. Ujumbe wake wa kwanza wa sauti nimeusikiliza mara nyingi: "Niko naenda kazini, dada, nitakupigia nikirudi." Kile Kiswahili cha Kivu, kwenye simu iliyotoka Kentucky! Nililia kidogo, sifichi.

Alipopiga hakunipamba maneno. Mji ule umejengwa kwa ajili ya wenye magari, akasema, na usipojifunza kuendesha utahangaika. Jina lake wenyeji hulitamka kama "Luvul", nisije nikajaribu kulisoma herufi kwa herufi. Kazi yake ni kupanga vifurushi vya UPS, kampuni ya kusafirisha mizigo, pale uwanja wa ndege, ambako ndege zao hutua usiku kucha. Mizigo tena! Halafu akasema, "Ukuje kwetu kwanza, kitanda kiko," akanitajia anwani. Niliiandika kwenye fomu usiku ule ule.

Mama nilipomwambia uwanja huo una jina la bondia Muhammad Ali tangu 2019, na kwamba kazaliwa na kuzikwa mji huo huo, aliacha kazi yake akanitazama. Anakumbuka wanaume walivyoizunguka redio mwaka 1974, pambano la Kinshasa. "Basi si ugenini sana," akasema.

Nimepiga hesabu ya saa. Nikiipata kazi ile ya usiku, saa nne usiku ninapoingia zamu, majira yao ya joto, Tanga itakuwa saa kumi na moja alfajiri, mama yuko macho anangoja adhana. Chaja ya simu ameshaihamishia karibu na mswala.